Kuku wa Kukagua Nyumba ya Gisenyi

Niliwahi kumtuma kuku mgonjwa akanikagulie nyumba, na ushuhuda wa kuku huyo nikauamini kuliko maneno ya mke wangu. Nianze na hilo kabisa, maana nikilificha mtasoma mkidhani mimi ni mtu wa akili. Nilikuwa na miaka kadhaa ya sekondari kwa mapadri. Nilikuwa karani kwenye ghala la kahawa, nilivaa kaptula iliyopigwa pasi mpaka inasimama yenyewe, na watu wa Murara, mtaa wetu wa Goma, walikuja kwangu niwaandikie barua zao. Mtu wa namna hiyo hatarajiwi kwenda kushauriana na kuku.

Nyumba yenyewe ilikuwa ng'ambo ya mpaka, Gisenyi, upande wa Ruanda. Ukitaja kununua nyumba katika nchi nyingine watu wanafikiri meli na makoti mazito. Kwetu sisi nchi nyingine ilikuwa pale ambapo jogoo wao akiwika tunamsikia. Ulitoka nyumbani ukiwa umekunywa chai, ukapita juu ya mawe meusi ya volkano, ukaonyesha pasi yako kwenye barieri, kizuizi cha mpakani, na chai ile ilikuwa bado ina joto tumboni ulipofika. Lakini kwangu mimi ilikuwa mbali. Mimi ni mtu wa kukaa kwake. Kitanda kisicho changu kinaniuma mbavu, na chakula cha mahali pengine kinanikaa tumboni kama jiwe. Wenzangu wa ghalani walipata likizo wakaenda Bukavu kuona mji. Mimi nilipata likizo nikaweka kiti mlangoni, nikawangojea warudi wanisimulie.

Mke wangu alizoea kuwaambia wageni: "Huyu bwana yangu, siku atakufa mutamuzika ndani ya chumba. Makaburi ni mbali, atakataa kwenda."

Wageni walicheka, na mimi nilicheka kuliko wao.

Mke wangu alizaliwa Gisenyi. Baba yake alikuwa ameshakufa, na mama yake alibaki peke yake kwenye kilima kidogo juu ya soko, na migomba yake na nyumba yake ya nyasi. Wakati ninaousimulia, macho ya yule mama yalikuwa yameanza kufunga. Aliona mwanga na kivuli, basi. Alijikwaa kwenye kizingiti chake mwenyewe, alianguka akienda kuchota maji, na mara moja alianguka karibu na moto, akaungua mkono. Tulimwomba aje kukaa kwetu Goma. Alikataa. Mumewe alizikwa nyuma ya nyumba, na migomba, alisema, haijui kujikata yenyewe.

Kwa hiyo mke wangu ndiye aliyevuka. Kila siku ya soko, na siku nyingine za katikati, alimfunga mtoto wetu mdogo mgongoni akaenda. Alimpikia mama yake, akamwogesha, akamwekea kuni karibu. Jioni alirudi mbio, kwa sababu nyumbani kulikuwa na mtoto mkubwa, na kulikuwa na mimi.

Nyote mnajua kwamba kwetu mkwe halali chini ya paa la mama mkwe wake. Hata kuangaliana uso kwa uso haifai. Katika miaka yote ya ndoa yangu nilimjua mama yule kwa sauti tu. Nilikaa nje ya ukuta, yeye akakaa nyuma ya mlango, tukasalimiana hivyo. Kwa hiyo kuhamia kwake lilikuwa neno lisilosemwa hata kwa mzaha.

Halafu siku moja mke wangu alirudi kutoka Gisenyi, akakaa chini bila hata kumfungua mtoto mgongoni.

"Papa watoto, Mungu amefungua mulango. Fundi wa cherehani anauzisha nyumba yake, anakwenda Uganda."

Mahali pa nyumba hiyo nilipajua. Kati yake na ya mama mkwe wangu palikuwa na uwanja wa mtu mmoja tu, mama jirani aliyekuwa akiuza kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi.

"Iko na mabati?" niliuliza.

"Iko na mabati, iko na vyumba viwili, na jiko nyuma. Nikikohoa, mama anasikia. Akianguka, mimi nasikia."

"Na kazi yangu?"

"Kazi yako utaiendea kwa miguu. Kila asubuhi watu wa Gisenyi wanaleta maziwa hapa na wanarudi kwao. Ao wewe miguu yako ni ya kufungia ndani ya kabati?"

Nikasema neno ambalo husemwa na mtu asiyetaka kukubali na asiyethubutu kukataa: "Lazima kwanza tuikague."

Nani angebisha? Hata mbuzi hanunuliwi kabla hajafunguliwa mdomo. Jumapili iliyofuata, baada ya misa, nilivuka na kijiti na msumari. Fundi wa cherehani alinifuata chumba kwa chumba, kamba yake ya kupimia watu ikiwa bado shingoni. Niligonga kuta kwa kijiti. Nilizichoma kwa msumari kuona kama udongo unabomoka. Nilimwaga maji sakafuni kuona yanakokwenda, nayo yakaenda mlangoni moja kwa moja kama watoto wa shule kengele ikilia. Nilifunga mlango na dirisha, nikatazama juu nitafute matundu ya mabati. Niliona mawili, matatu, nyota maskini. Mwishowe, nyuma, nilipata nguzo moja iliyoliwa na mchwa. Sitaficha: moyo wangu uliruka kwa furaha. Nikaukunja uso wangu kama mtu aliyefiwa.

"Muchwa," nilimwambia mke wangu jioni hiyo. "Muchwa ameingia."

"Nguzo ngapi?"

"Moja. Lakini muchwa haji peke yake."

"Tutabadilisha nguzo."

Niliporudi Jumapili nyingine, nguzo ilikuwa imekwisha badilishwa na fundi mwenyewe, na matundu ya mabati yamezibwa kwa lami. Nilikasirika kama mtu aliyeibiwa. Nikaomba moto uwashwe jikoni nione moshi unatokea wapi. Moshi ukatoka juu vizuri, bila kumsumbua mtu. Nikagonga tena kuta zile zile.

Kabla ya kurudi Goma nilipita kumsalimia mama mkwe. Nilikaa mahali pangu, nje, na sauti yake ikanifikia kutoka nyuma ya mlango.

"Mukwe wangu, ile nyumba unainunua ao unaioa?"

"Nainunua, mama."

"Aa. Sababu siku mulikuja kuoa mutoto wangu, hamukumugonga mbavu kwa kijiti namna ile."

Akacheka mpaka kikohozi kikamkamata. Nilikuwa sijawahi kufikiri kwamba alikuwa anasikia. Lakini alikuwa ameketi pale Jumapili zote mbili, macho yake hayaoni, akihesabu kila pigo la kijiti changu na kungoja nimalize.

Kikohozi kilipomwacha alisema, taratibu: "Usichelewe sana, mutoto wangu."

Nilisema ndiyo, mama.

Njiani, nikishuka kilima, nikageuka kuitazama nyumba ile kwa mbali. Ndipo nikaona kwamba ilikaa kwenye kibonde, chini kidogo ya nyumba ya mama mkwe. Na nikakumbuka mazuku.

Mimi nilikulia upande wa Lac Vert, lile ziwa dogo la kijani kwenye njia ya Sake, na huko mtoto anajua mazuku kabla hajajua sala. Ni pumzi mbaya inayotoka ardhini. Haina harufu, haina rangi. Inalala kwenye mashimo na mabonde kama maji yanavyolala. Mbuzi anashuka kula majani na hapandi tena. Mtu mzima anaweza kusimama humo asisikie kitu, na mbwa wake afe miguuni pake. Mama yangu alitukataza kumfuata mwanakondoo yeyote bondeni, hata awe analia namna gani.

Hofu hiyo ya kwetu niliibeba nikaivusha mpaka. Huko Gisenyi walinitazama tu.

"Mazuku?" alisema fundi wa cherehani. "Mimi na bibi yangu na watoto tumelala hapa miaka yote. Tumekufa mara ngapi?"

"Munalala juu ya kitanda. Mazuku inalala chini."

"Basi leta taa, uiweke chini. Ikizimika, nitakupa nyumba bure."

Alisema kweli, taa ndiyo njia ya kuijua. Ila mchana upepo wa ziwa unafagia kila kitu. Mazuku inajikusanya wakati upepo umelala, kuelekea alfajiri. Ingelazimu mtu alale pale na taa yake. Nilipomweleza mke wangu jambo hilo, alinitazama, na niliona wazi ni nani aliyemfikiria wa kulala pale.

"Kuku," nilisema haraka.

"Kuku?"

"Kuku anapumua chini, karibu na udongo. Anafungwa ndani usiku mmoja. Akiamka muzima, tunanunua. Wazee wa kwetu walifanya vile."

Wazee wa kwetu walifanya vile na mwanambuzi, mimi nilisikia hivyo. Wazo la kuku lilikuwa la karani.

Mke wangu alifurahi. Alinishika mkono. "Basi chukua kuku yeyote," alisema, "hata ule mukubwa. Ila fanya kesho."

Kesho yake yeye alikuwa kwa mama yake, na mimi nilitoka kazini nikaenda uani kukamata kuku. Kuku wa mke wangu walinijua. Waliponiona wakatawanyika, mmoja juu ya jiko, mwingine kwa jirani, wengine nyuma ya rundo la mawe. Nilikimbia kidogo, nikatoa jasho, nikaogopea kaptula yangu. Halafu nikamwona mmoja, mweupe, amesimama peke yake chini ya mti wa parachichi. Hakukimbia. Macho yake yalikuwa nusu yamefumba, mabawa yameshuka. Niliinama nikamwokota kama mtu anavyookota kofia yake. Njia nzima mpaka Gisenyi nilimsifu: kuku mtulivu, mwenye adabu, hapigi kelele mbele ya askari wa barieri. Nilimwona anafaa kazi ya serikali.

Fundi alikuwa ameshahamisha jamaa yake kwa ndugu yake, nyumba ilikuwa tupu. Nikamfunga kuku mguu kwa kamba, nikamwekea mahindi na maji, nikafunga mlango. Nikarudi kulala kwangu.

Asubuhi niliamkia huko kabla ya kazi, fundi pembeni yangu. Tulifungua mlango. Kuku alikuwa amelala ubavu, miguu imenyooka, mdomo wazi. Mahindi hayakuguswa.

Niliruka nyuma. Niliogopa kweli, sitajisingizia ubaya kuliko ule nilioufanya. Lakini chini ya hofu ile kulikuwa na kitu kingine, kimekaa kimya kama mtu aliyeshiba.

Fundi alinitazama, akamtazama kuku, akavua kofia yake. Halafu aliingia ndani, akalala chali katikati ya sakafu, mikono kifuani.

"Njoo, karani. Njoo unizike."

"Sasa upepo umeamka," nilijibu nikiwa nje.

Mke wangu alikuwa akinisubiri mlangoni kwetu Goma. Nikamwambia: "Amekufa. Nyumba iko na mazuku." Alitaka kusema kitu, akatazama watoto wetu wawili wakicheza chini, kwenye udongo. Mama gani angewalaza watoto wake katika nyumba iliyoua kuku? Akaingia ndani. Nilimsikia anaosha sufuria ambazo zilikuwa zimeshaoshwa.

Sijui zilipita siku ngapi. Nilirudi kutoka kazini nikamkuta uani, anachimba shimo. Pembeni yake palikuwa na kuku wake mkubwa, amekufa, na jogoo. Wengine walikuwa wamesimama hapa na pale, mabawa yameshuka, macho yanafumba na kufumbuka. Mmoja alikuwa akipindisha shingo kama anayetafuta kitu angani. Ilikuwa kideri, ugonjwa wa kuku ambao kila mwanamke wa Murara aliujua kwa mbali, kwa namna kuku anavyosimama tu.

Mke wangu hakuinua kichwa.

"Ule ulipeleka Gisenyi, alikukimbia?"

"Nani?"

"Kuku. Ulipomukamata, alikimbia?"

"Hapana," nilisema. "Alikuwa mutulivu."

Aliweka jembe chini. Alinawa mikono, akajifunga kitenge kingine, akanipa mtoto mikononi, akaondoka. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akivuka bila mtoto mgongoni. Nilibaki na mtoto na kuku wanaosinzia, na nikajiambia kwamba bado hatujachelewa. Fundi alikuwa mtu mwema, angecheka, angetuuzia.

Alirudi giza likiingia.

"Imekwisha kuuzishwa. Mufanyabiashara wa ngozi ameinunua."

"Na yeye aliikagua?"

Swali la kijinga, lakini lilinitoka.

"Aliuliza tu kama ufunguo unafunga," alisema.

Angenitukana ningefurahi. Alipika, tukala, akanipa sehemu kubwa kama kawaida. Ila tangu siku ile aliacha kuwaambia wageni mzaha wake juu ya makaburi. Wageni walipokuja nilijikuta namngojea auseme, na hakuusema.

Mfanyabiashara yule hakukaa katika nyumba. Aliijaza ngozi za ng'ombe, akatia kufuli, akaenda zake Kabale na kwingineko. Paka wa kilimani alipata tundu akaingia, akazalia sakafuni, na watoto wake wakanenepa. Mke wangu ndiye aliyenisimulia habari za paka huyo. Alisimulia bila kunitazama, akichambua maharagwe.

Mvua zikaanza. Alivuka ndani ya mvua, alirudi ndani ya mvua. Mama yake sasa hakuweza kutoka bila kushika ukuta. Mara nyingine mke wangu alichelewa kuondoka kule, kwa sababu yule mama alikuwa ameshika kitenge chake kama mtoto anavyoshika, wakiongea ya zamani. Akifika nyumbani alikuta nimekaa mlangoni nikiangalia njia, na njaa usoni. Aliwasha moto hata kabla ya kujipangusa.

Habari ilinikuta ghalani. Wauza maziwa ndio walioileta, waliagizwa na yule mama wa kasiksi. Mama mkwe alitoka alfajiri. Labda alisikia mvua imepungua, labda alidhani kumekucha zamani. Alianguka kati ya migomba. Mama wa kasiksi alisikia anaita jina la mke wangu, akaita tena, bila kelele nyingi, namna mtu anavyomwita aliye chumba cha pili. Basi jirani huyo akafikiri mke wangu yuko, amefika mapema siku hiyo. Akaendelea kupepeta mtama wake. Alipokwenda kumsalimu mke wangu ndipo alipoona.

Mke wangu, aliyefikiwa na habari kwanza, alikuta mama yake bado ana joto. Hakupata zaidi ya hilo.

Mimi nilifika baadaye, na siku hiyo ndiyo siku niliyomwona mama mkwe usoni. Waliniruhusu niingie na wanaume kumtoa. Alikuwa na uso mdogo, mpole, na tope kwenye nyusi ambalo lilikuwa halijafutwa. Nilikuwa nimemfikiria kuwa mtu mkubwa, kwa sababu ya kicheko chake. Nilimwinua upande wa miguu, na nilishangaa jinsi alivyokuwa mwepesi. Mke wangu alikuwa pembeni, amekaa chini. Hakulia kwa sauti. Alikuwa anachuna majani makavu yaliyonasa kwenye kitenge cha mama yake, moja moja, na kuyaweka mkononi.

Tulimzika karibu na mumewe. Jioni wanaume walikaa nje, na mimi nikakaa nao mahali pangu pa siku zote, karibu na mlango, ingawa nyuma yake hapakuwa tena na mtu wa kunisalimia. Mama wa kasiksi alipita na kibuyu. Aliponifikia mimi alikaa kidogo kupumzisha mgongo, na sijui kwa nini, nikaanza kumweleza. Nilimweleza bonde, na mazuku ya kwetu Lac Vert. Nilimweleza taa, na upepo, na kideri, na kwamba kama ningemchagua kuku mwingine nyumba ingekuwa yetu, na leo alfajiri mke wangu angesikia. Nilieleza vizuri, kwa mpango, kama karani. Aliniacha nimalize. Akaijaza kata yangu, akaniwekea mkononi, akasema:

"Papa, muache mambo ya kuku. Mama muzee alikuwa anatafuta mutoto wake, hakutafuta nyumba. Ungemuacha bibi yako akuje yeye peke yake, alale hapa na mama yake, wewe ubakie kule kwako Goma, ujipikie, uunguze viazi. Mutu hafi kwa viazi vya kuungua."